Kikombe cha Aliyeona

Asubuhi ile ilikuwa kama zote. Mvua ilipiga bati tangu alfajiri, mvua ile ya mwaka wa tisini na saba ambayo watu waliiita Elinino kana kwamba ni mgeni aliyekuja na jina lake. Mbithe alikuwa ameshawasha jiko na kuchemsha chai ya sokoni, themosi tatu zimesimama mlangoni. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akampa mumewe kisogo.

"Nifunge, Baba Nzuki."

Nzomo akachukua kitambaa, akakizungusha kichwani mwa mkewe, akapiga fundo.

"Kaza."

Akakaza.

"Kaza tena. Mkono huo ndio unaochonga vifaru?"

Akakaza mpaka kitambaa kikalia. Mbithe akashukuru, akainuka, akabeba chai yake na sufuria ya muthokoi, akaenda soko la Burma. Nzomo akajifunika gunia la plastiki, akaenda zake Majengo kwenye karakana ya wachongaji. Hawakuagana. Watu waliokaa pamoja miaka thelathini na minne hawaagani kwa safari ya kwenda kazini.

Saa nne mtu akaja mbio. Mama Nzuki ameanguka. Alikuwa anammiminia mtu chai, mkono ukalegea, themosi ikaenda chini, naye akaifuata. Wauza nyama walimlaza kwenye mkokoteni wao wakausukuma hadi barabarani, wakapata gari. Hospitalini daktari, msichana mdogo mwenye macho ya kuchoka, alisema ni presha, mshipa wa kichwani umepasuka. Akauliza kama mama alikuwa akilalamika kichwa. Nzomo akasema hapana. Alisema kweli. Mbithe hakuwa amelalamika.

Saa kumi akafa.

Hakusoma, Mbithe, kama mumewe. Alikuja Nairobi kutoka Mwala akiwa bibi arusi, akaingia chumba kimoja Shauri Moyo, na chumba hicho hicho ndicho alichoishi hadi kifo. Benchi lake lilikuwa nyuma ya vibanda vya nyama pale Burma, chini ya kipande cha turubai. Aliuza chai na muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yanayopikwa na maharagwe, na wauza nyama waliokuwa macho tangu magari ya machinjioni yaliposhusha walimjia na njaa ya simba. Hapo waliketi wote. Mtu wa Jogoo, chama cha serikali, alikaa bega kwa bega na mtu wa vidole viwili, wa upinzani, kwa sababu benchi lilikuwa moja na mvua haina chama.

Wakikaa walisema, na miaka ile kulikuwa na ya kusema. Walisema kuna waabudu shetani wanaokusanya watoto wa shule. Walisema mvua hii imetengenezwa kwa mashine. Walisema matone ya chanjo yanayopewa watoto yametiwa dawa ya kuwafanya wasizae. Hapo Mbithe alikuwa anacheka, maana hadithi ilikuwa moja na wenyewe walikuwa wawili. Opicho, muuza nyama, mpinzani mpaka kwenye mifupa, alisema serikali inapunguza watu wasioipigia kura. Mutie, katibu wa Jogoo pale mtaani, alisema wapinzani na mabwana zao wa ng'ambo ndio walioyatia sumu ili serikali ichukiwe. Walitukanana mpaka chai ikapoa, lakini walikubaliana kwamba sumu imo. Kesho yake Mbithe alimbeba mjukuu wake wa Donholm mpaka zahanati, akampeleka benchini kinywa bado kina matone, akamketisha kati ya Opicho na Mutie, akaendelea kumimina chai.

Kwenye nguzo ya turubai palikuwa na msumari, na kwenye msumari kikombe cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi mdomoni. Hicho hakikuwa cha kuuzia. Mtu akileta neno zito, Mbithe alimuuliza: umeona, ama umeambiwa? Akisema ameambiwa, na kila mara alikuwa ameambiwa, Mbithe alikinyooshea kikombe mwiko. Mlete aliyeona. Chai yake ni bure, leo na siku zote atakazoishi.

Watu walienda kutafuta kweli. Opicho mara moja alitembea hadi Kayole kumsaka mtu aliyeona gari la waabudu shetani. Yule akasema yeye aliambiwa na fundi wa saa wa Kariobangi. Fundi wa saa akasema aliambiwa na mteja. Opicho akarudi matope yamemfika magotini, na Mbithe akampa chai ya kulipa, kama kawaida. Mbeba mizigo mmoja aliwahi kujaribu ujanja. "Mathe, mi nimeona njaa na macho yangu. Nitungulie hicho." Alipata mwiko wa bega.

Lakini hakuwaita wajinga. Nzomo aliwaita hivyo siku moja, nyumbani, na Mbithe akamkatiza. Alimkumbusha kijiji cha mabati kilichokuwa kando ya reli. Watu wa pale waliambiwa na mwenye muhuri wa serikali kwamba walale, hakuna atakayewagusa. Tingatinga likawakuta wamelala kweli. Redio ikasema hakuna aliyeumia. Asubuhi ile mwanamke mmoja alifika benchini kisigino kimepasuka, mkono wa mtoto wake umefungwa kwa kanga na kipande cha ubao. Akasema alichokiona. Waliokuwa wameketi wakambishia, kwa kuwa redio ilikuwa imeshasema. Mbithe akakitungua kikombe, akakijaza hadi kikamwagika, akamkalisha. Katika miaka ishirini na miwili ni huyo peke yake aliyekinywea.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, alimwambia mumewe. Hawa wameumwa. Mimi nataka tu watazame kwanza, hii ni nyoka ama ni unyasi.

Kikombe chenyewe kilitoka mbali. Walikuwa na mtoto wa kiume, Nzuki, ambaye kwa jina lake Mbithe aliitwa hadi kifo. Mwaka wa sabini na nne alikuwa na miaka mitano. Jirani wa ukuta mmoja alikuwa Triza, Mmaragoli, shoga yake Mbithe wa kuchota maji na wa kusukana nywele. Jumatatu Triza alimpa mtoto uji. Jumanne mtoto akashikwa na homa, shingo ikakauka kama gogo. Ijumaa walikuwa Mwala wanamzika. Daktari alikuwa amesema ni homa ya uti wa mgongo, na mwezi ule ilikuwa imebeba watoto wengi.

Mbithe hakusikia. Alisema uji. Alisema uji kwenye bomba la maji, akasema uji kanisani, na mtaa mzima ukakumbuka kwamba jicho la Triza halikuwa zuri tangu zamani. Nzomo naye alisema uji. Siku alizosema uji alipata usingizi. Ikafika asubuhi mlango wa Triza ukakutwa umepakwa mavi, na haikujulikana ni nani, na wote walijua ni mtaa. Triza akafunga vyombo, akaenda Baba Dogo kwenye nyumba za vibarua, mumewe alikokuwa akifanya kazi kiwandani.

Mwaka ukapita. Siku moja Mbithe akavaa viatu vya kanisani, akaenda Baba Dogo kwa miguu. Alirudi jioni na kikombe cha buluu. Alisema tu kwamba Triza alimuuliza aliona nini, naye akajibu kwamba hakuona kitu. Nzomo hakuuliza zaidi. Yeye ni mtu wa maneno machache, na wakati mwingine maneno machache ni jina zuri la uvivu. Kesho yake kikombe kilikuwa juu ya msumari.

Sasa alikufa mwenye kikombe, na kabla mwili haujapoa Burma yote ilikuwa imeshamjua muuaji.

Kulikuwa na gari jeupe. Watu wa Opicho walisema gari jeupe lisilo na namba lilisimama sokoni Alhamisi ile aliyoanguka, akashuka mtu wa serikali, akanywa chai, akaacha kitu ndani ya maji. Mama alikuwa amesikia siri ya kura. Watu wa Mutie walisema gari jeupe lisilo na namba lilisimama sokoni, akashuka mtu wa upinzani, kwa sababu Mama alikataa benchi lake lifanyiwe mikutano. Gari lilikuwa moja. Dereva ndiye aliyebadilika.

Mutie alitangulia kufika. Akaketi kwenye kitanda pale pale Mbithe alipokuwa akiketi kufungwa kitambaa, akampa Nzomo pole ya dini na pole ya chama. Uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki tatu. Alisema chama kitatoa basi la kumpeleka Mama kwao Mwala, na chakula, na mtu wa kufuatilia kesi. Mzee asimame tu kwenye matanga Jumamosi aseme Mama alikuwa ametishwa. Jioni akaja Opicho na nyama imefungwa kwenye gazeti. Huyu alilia, na machozi yalikuwa ya kweli, maana Mbithe alimlisha kwa mkopo mwaka mzima alipochomewa kibanda. Wauza nyama nao walikuwa wamepata basi. Wao pia walitaka neno lile lile.

"Mzee, mama kama yule hafi hivi hivi," Opicho alisema. "Mtu mkubwa hafi kwa kitu kidogo."

Hata Jecinta, binti yake, alipokuja kutoka Donholm alimtazama baba kwa jicho la kudai. Mama alikuwa mzima, alisema. Jumapili alikuwa mzima. Baba anataka wanyamaze?

Ukweli ni kwamba Nzomo alilitaka lile gari. Alilitaka kama alivyoutaka uji.

Ijumaa alikwenda karakanani kwa sababu miguu haikujua njia nyingine. Kwenye rafu palikuwa na twiga wa jakaranda, shingo imepasuka. Mnunuzi akiona hivyo huuliza nani amemwangusha. Hakuna aliyemwangusha. Jakaranda ikichongwa mbichi hujipasua yenyewe, polepole, kwa ndani, wiki nzima kabla ufa haujatokeza. Mwenye sikio hugonga kwa mpini wa tezo, akasikia sauti imekufa mahali, akajua. Nzomo alikuwa na sikio hilo. Wachongaji wote wa Majengo walimletea kazi zao azigonge kabla ya kuuza. Alimgonga twiga yule mara moja, akamrudisha kwenye rafu, akakaa chini.

Jumamosi mvua ilikatika. Walitundika turubai ya Mbithe mwenyewe uani, viti vya kanisa vikajaa. Mutie na watu wake walikaa kulia, Opicho na wauza nyama kushoto, na mabasi mawili yalisimama nje ya lango yametazamana kama majogoo. Mhubiri akamaliza. Wote wakamtazama mzee.

Nzomo akasimama. Kutoka ndani ya koti akatoa kikombe cha buluu, ambacho alikuwa amekwenda kukitungua Burma asubuhi hiyo. Akakiweka mezani mbele ya picha ya mkewe. Akachukua themosi, ile iliyoanguka, iliyobonyea ubavuni, akakijaza.

"Mnaijua sheria yake," alisema. "Aliyeliona hilo gari, anywe."

Opicho akamtazama Mutie, Mutie akamtazama Opicho, kila mmoja akingoja wa mwenzake ainuke ili ambishie. Mtu wa nyuma akasema kwamba jambo hili linajulikana.

"Sikuuliza linalojulikana."

Mutie akasimama kwa upole, kofia mkononi. Alisema wanauelewa uchungu wa mzee, lakini hii si siku ya vikombe. Basi liko tayari, dereva anangoja neno.

"Mwambie arudi," Nzomo akasema. "Na wako arudi, Opicho. Mke wangu atakwenda na lori letu la magogo. Amelala na harufu ya mbao miaka yote, haitamsumbua leo."

Opicho uso ulimbadilika. "Wamemuua, Mzee, na wewe unawafunika."

Hilo lilimchoma. Mkono wa Nzomo ulikuwa karibu na kikombe kuliko wa mtu yeyote. Angekiinua tu, funda moja, aseme aliliona gari, na hakuna ambaye angembishia mfiwa. Usiku huo angelala. Mkono ukaanza kwenda.

Upande wa wanawake mtu alisimama. Mwanamke mzee, mnene, fimbo mkononi, ametoka kwenye matope viatu vimelowa. Alipita katikati ya Jogoo na vidole viwili bila kusema samahani kwa upande wowote. Nzomo hakumtambua mpaka alipofika mezani. Ilikuwa ni miaka ishirini na mitatu. Alikuwa Triza.

Akakishika kikombe, akapapasa kwa kidole pale mdomoni palipobanduka. "Hiki kilikuwa changu," alisema, kisha akanywa.

Akaanza kueleza, sauti ya chini, na watu wakasogeza viti. Mbithe alikuwa akimtembelea Baba Dogo kila mwisho wa mwezi, miaka yote hiyo. Tangu mwezi wa tisa alikuja kichwa kimefungwa. Alikuwa akitapika. Jicho la kushoto lilikuwa likipotea na kurudi. Triza alimwambia aende hospitali, naye akasema ataenda mvua ikikatika, ataenda kura zikiisha, benchi atamwachia nani. Jumapili iliyopita, baada ya kutoka kwa Jecinta, alilala kwenye kitanda cha Triza mpaka saa kumi, kitambaa machoni, kwa kuwa mwanga ulikuwa unamuuma. Hayo Triza aliyaona yeye. Gari hakuliona, la rangi yoyote.

Jecinta akauliza kwa nini hawakuambiwa. Triza hakumtazama yeye. Alimtazama Nzomo.

"Nilimuuliza nani anayekukazia hivi mpaka ngozi inavimba. Akasema, baba wa watoto wangu. Kila asubuhi."

Kaza. Kaza tena. Miezi mitatu alikuwa akigonga mbao za watu, na kila siku kabla ya mbao alikuwa amekishika kichwa kile kwa mikono yake miwili na hakuuliza. Daktari alipomuuliza alisema hapana. Sasa alijua kwa nini gari lile lilikuwa tamu. Gari lina dereva. Fundo lilikuwa na mkono wake.

Triza akamnyooshea kikombe. Alikuwa amebakiza nusu.

"Yako hiyo, Baba Nzuki. Wewe pia uliona."

Watu wa Jogoo walikuwa wanatazama, na watu wa vidole viwili, na binti yake. Nzomo akakipokea, akanywa mpaka chini, akakipindua mezani. Akasema kwa sauti ya kumfikia aliye langoni kwamba alimfunga kitambaa siku tisini na akaona, na hakutaka kuona. Asitafutwe mtu mwingine. Atakayepanda jukwaani na jina la Mbithe, wa chama hiki ama kile, atamkuta yeye hapo chini na kikombe.

Opicho alifunika uso kwa mikono. Mutie alitoka kuzungumza na dereva wake.

Usidhani wote waliamini. Walipokuwa wakipandisha jeneza kwenye lori la magogo, langoni kulikuwa tayari na wanaosema kwamba yule bibi wa fimbo alishushwa na gari jeupe. Nzomo aliwasikia. Akawauliza nani alimwona akishuka, wakatazama pembeni, naye akapanda lori akaketi karibu na mkewe, kikombe mfukoni.

Triza alikuja hadi ubavuni mwa lori, ameishikilia fimbo yake. Nzomo akamuuliza kama Mbithe aliacha neno. Alikuwa ameliacha Jumapili ile, amelala, kitambaa machoni, anacheka. Triza akalirudia kama alivyolisikia:

"Nikifa watatafuta aliyeniua, na watagombana. Waambie nilikufa kwa kichwa changu mwenyewe, na kichwa hicho sikumwazima mtu."